Kilichopumua Ndani ya Kompyuta ya Yoleida

Saa ya kompyuta ndiyo iliyoanza kukosea.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kama kawaida ya mji wa Maracaibo. Uliporudi mchana, friji ilinguruma, kiyoyozi kikakohoa vumbi lake, majirani wakapiga vigelegele vya kejeli kutoka uani, na Yoleida Morán akakimbilia chumba cha mbele kuwasha kompyuta yake ya mezani. Ilikuwa mpya. Kaka yake Nerio, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta sokoni Las Pulgas, ndiye aliyeiunga kwa mikono yake, akaileta kwa teksi ameipakata kama mtoto mchanga. Yoleida aliishi kwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na watu wa mbali na kuzigeuza maandishi. Waliomwajiri walikuwa ng'ambo, hawakujua habari za kukatika kwa umeme, na aliyechelewesha kazi walimwacha bila hata kumwambia kwaheri.

Safari hii skrini haikuonyesha picha yake ya kawaida. Ilibaki nyeusi, na juu yake maandishi meupe: *Saa na tarehe si sahihi. Bonyeza kitufe chochote kuendelea.* Chini yake palikuwa na tarehe. Yoleida alikuwa ameshanyoosha kidole abonyeze, kidole kikabaki hewani. Ilikuwa tarehe ya ule mwezi wa Machi nchi nzima ilipozimika. Ilikuwa siku aliyofariki baba yake.

Akampigia Nerio.

"Mhandisi, mashine yako imerukwa na akili. Inadhani bado tuko mwaka ule wa giza."

"Ni betri hiyo, Yole. Mle ndani kuna kabetri ka duara kama sarafu, ndiko kanakotunza saa. Kakifa, saa inapotea."

"Si uliniambia kila kitu ni kipya?"

"Kipya cha Las Pulgas, dada. Maana yake ni kwamba aliyekitumia kabla yako hajajitokeza."

Yoleida alicheka. "Na saa ikipotea, inarudi tarehe gani?"

"Tarehe ya kiwandani, siku ubao mkuu wa ndani ulipotengenezwa."

Akamtajia tarehe aliyoiona. 

"Nitakuja na betri nyingine," Nerio alisema, akakata, bila mzaha wake wa kuagana.

Nyumba hiyo haikuwa na mtu asiyeijua tarehe ile. Don Ciro, baba yao, alikuwa mgonjwa wa mapafu. Aliishi kwa mashine ya oksijeni iliyowekwa chumba hichohicho cha mbele, mpira mwembamba puani, chupa ya maji ikitokota pembeni, na jenereta ndogo uani kwa ajili ya saa za giza. Umeme ulipozimika nchi nzima, Yoleida alikuwa zahanati na uchungu wa kujifungua. Aliporudi nyumbani na binti yake Mariluz mikononi, chumba cha mbele kilikuwa kitupu na baba yake ameshazikwa. Walimwambia jenereta iliharibika. Petroli ilikuwa chafu, alisema Nerio, ikaziba njia. Bi Edicta, mama yao, alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu akitazama ukuta, na tangu siku hiyo hakuwahi kulizungumzia jambo hilo hata mara moja.

Nerio alikuja na betri, akaibadilisha, akaiweka saa sawa, akanywa soda yake ya shayiri amesimama. Umeme ulipokatika tena na kurudi, tarehe ilikuwa ileile ya Machi.

Mara iliyofuata kompyuta haikuonyesha kitu kabisa. Ililia tu: mlio mrefu, miwili mifupi, kisha kimya, kisha tena. Nerio akaja na begi lake la vifaa, akailaza mashine mezani na kuufungua ubavu wake.

"Huo mlio ni lugha yao," alieleza huku akichomoa kadi za kumbukumbu na kuzisugua meno yake ya shaba kwa raba ya shule ya Mariluz. "Anakwambia kinachomuuma. Huyu anasema kadi hazikukaa vizuri. Umeme ukirudi kwa kishindo, hutikisa kila kitu."

"Nilidhani kutuliza umeme ndiyo kazi ya stabilaiza."

"Stabilaiza ya hapa kwetu ni ya kumfariji mwenye mali."

Akachomoa waya ukutani. Akamwonyesha jinsi ya kubonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia muda mrefu mashine ikiwa haina umeme, ili utoke ule uliosalia tumboni mwake. "Ukikwama, anza na hili kabla hujaniita," alisema, akaweka kidole juu ya kitufe.

Ndipo wakaisikia. Pssss. Kimya kidogo. Tk. Halafu mtokoto mdogo, kama maji yanayochemka ndani ya chupa.

Nerio aliondoa kidole. Sauti haikukoma. Feni ya mashine aliichomoa, ikalala mezani na nyaya zake zikining'inia, na bado lile sanduku lililokuwa wazi, lisilo na umeme, liliendelea kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, taratibu, kwa mwendo ambao wote wawili waliishi nao miaka mingi. Kisha ikaja harufu: ya dawa ya kuchua kifua, na chini yake petroli.

"Ni feni," Nerio alisema.

"Feni unayo mkononi."

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alikusanya vifaa akiviangusha, akarudisha kadi, akafunga ubavu kwa skrubu moja tu. Nyuma yao kiti cha magurudumu kilikwaruza sakafu. Bi Edicta alikuwa amejisukuma mwenyewe kutoka jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi, na alikuwa akitabasamu.

"Mwacheni apumue," alisema. "Mnamsumbua bure."

Kuanzia hapo Bi Edicta hakutaka kukaa mahali pengine. Kulipokucha alijisogeza chumba cha mbele, akauegemeza mkono wake juu ya sanduku la kompyuta kama mtu aliyeushika mkono wa mgonjwa, na akabaki hapo. Yoleida alifanya kazi ameminywa pembeni, vipokea sauti masikioni, ili asiisikie ile pumzi. Alipomletea mama yake mandoca za moto, maandazi ya ndizi na unga wa mahindi, alizikuta jioni zimekauka sahanini. Alipomwita, mama hakugeuka. Mariluz alimvuta gauni, akamwimbia wimbo aliofundishwa shuleni, akalia, bibi hakumwona. Midomo ya bibi huyo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Yoleida alimtazama kifua, akagundua: mama yake alikuwa akivuta hewa kila kompyuta ilipovuta, na kuitoa kila kompyuta ilipoitoa.

Daktari wa mtaa akaja, akampima, akasema ni umri na joto.

Kisha ikaja ile Jumapili ambayo umeme ulikatika asubuhi na haukurudi. Joto lilijaa nyumbani kama maji. Majirani walikuwa barazani wakipiga dhumna na kuitukana serikali, Mariluz alikuwa pamoja na watoto wao, na Yoleida alikuwa jikoni akimenya ndizi aliposikia mlio mrefu, miwili mifupi, kisha kimya. Akadhani umeme umerudi. Akatazama friji, friji ilikuwa kimya, taa yake imezimika, maji yakidondoka chini ya mlango. Akaweka kisu. Alitembea kwenye ukumbi mwembamba akipapasa ukuta ingawa jua lilikuwa kali nje, kwa sababu kadiri alivyokaribia chumba cha mbele mwanga ulikuwa unapungua, na harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa nzito kiasi cha kumtoa machozi, na ile pumzi, iliyokuwa ya taratibu siku zote, sasa ilikuwa ya haraka, ya mtu anayezama, anayeikimbilia hewa na kuikosa, na alipofika mlangoni alimwona mama yake ameinama mbele kwenye kiti, mdomo wazi, akihema kwa kasi hiyohiyo, na waya wa kompyuta uko sakafuni mbali na ukuta, umejikunja kama mpira wa oksijeni ulioanguka puani kwa mtu, na juu ya hayo yote skrini inawaka, nyeusi, yenye maandishi meupe yanayojiandika herufi baada ya herufi bila mkono wowote kugusa kibodi:

*Diski haikupatikana.*

*Umeme haukupatikana.*

*Jenereta haikupatikana.*

*Muulize Nerio.*

Yoleida alimvuta mama yake, kiti na yeye, mpaka barazani. Wachezaji wa dhumna waliinuka. Mtu akaleta maji, mtu akaleta feni ya mkono, mtu akauliza kuna nini, naye akasema joto, ni joto tu.

Nerio alifika kabla jua halijazama, jasho likimtiririka, maana aliambiwa mama anazidiwa. Yoleida alimngoja uani, pale ambapo jenereta ilikuwa ikikaa. Saruji bado ilikuwa na alama ya mafuta.

"Jenereta iliharibika?" aliuliza kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

"Yole, mama yuko wapi?"

"Nimekuuliza."

Nerio alitazama ile alama. "Nani amekwambia?"

"Kwa hiyo kuna cha kuambiwa."

"Yole..."

"Iliharibika, au uliichukua?"

Alifuta mikono yake kwenye suruali. "Niliichukua," alisema mwishowe.

"Baba akiwa bado anapumua."

"Ndiyo."

"Ukaipeleka wapi?"

Nerio aligeuza uso kuelekea ukuta wa uani.

Yoleida alikuwa ameshalijibu swali lake mwenyewe. Mji mzima uliwakumbuka watu wa siku zile, waliokuwa na jenereta wakagandisha maji na kuuza barafu kwa dola kwa watu wenye dawa na maziwa ya watoto. Nerio alikuwa na rafiki mwenye friji kubwa karibu na soko. Na mwaka uliofuata, bila mtu kujua alipata wapi, Nerio alifungua kibanda.

"Uliuza barafu," alisema.

"Yole, usi..."

"Uliuza barafu! Baba anazama kitandani, wewe unauza barafu!"

"Amini unavyotaka." Sauti yake ilikatika. "Ila mama apelekwe hospitali. Na hiyo mashine itoe nyumbani, nitaivunja kwa nyundo mwenyewe."

"Ili isiseme zaidi?"

Alimkaribia mpaka pumzi zao zikagusana, akamwambia jambo ambalo majirani wote walilisikia, maana hapo hakunong'ona tena:

"Laiti ingekuwa wewe tuliyemzika."

Nerio aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa. Aliingia barazani, akambusu mama yake kwenye paji la uso. Bi Edicta hakumtambua. Akatoka. Wiki hiyohiyo kibanda chake kilikuwa na mtu mwingine, na watu wakasema amevuka mpaka kwenda Maicao, na kutoka Maicao hakuna aliyejua alikokwenda. Alikuwa ameitupa na namba yake ya simu.

Yoleida hakuitoa mashine. Hili alilikiri baadaye kwa Auristela, mganga mmoja wa kuagua kwa tumbaku wa mtaa wa Santa Lucía, alipomwendea asubuhi moja mama yake aliposhindwa hata kumeza maji. Hakuitoa kwa sababu ilikuwa na pumzi ya baba yake. Jioni kadhaa alivua vipokea sauti, akaisikiliza.

"Kompyuta?" Auristela alisema, mwanamke mnene mwenye nywele zilizofungwa kwa kitambaa chekundu. "Mwanangu, mimi hata rimoti ya televisheni inanishinda. Haya, twende."

Alikaa mbele ya Bi Edicta, akawasha sigara nene ya tumbaku, akavuta, akapuliza moshi juu ya sanduku la kompyuta, kisha akalitazama lile jivu likishika ncha. Lilikuwa linapinda upande mmoja bila upepo. Mzaha wote ukamtoka usoni.

"Funga mlango," alinong'ona. "Mtoto yuko wapi?"

"Shule."

"Afadhali." Akaligonga sanduku kwa kucha. "Wewe uliye humu. Ni nani?"

Mdomo wa Bi Edicta ulifunguka, ikatoka sauti nzito ya kiume yenye kukwama kohozi. "Ciro."

Yoleida alishika ukuta. Ilikuwa sauti ya baba yake.

"Ciro," Auristela alisema kwa upole, "mama yako mzazi aliitwa nani?"

Pssss. Tk.

"Mtu akifa husahau mengi, lakini si hilo. Aliitwa nani aliyekuzaa?"

"Jenereta," ilisema sauti.

"Sikukuuliza hilo."

"Nerio. Muulize Nerio. Jenereta. Nerio."

Auristela alimgeukia Yoleida, na macho yake yalikuwa na huruma. "Huyu si baba yako, mwanangu. Hakuwahi kuwa. Kuna wenzetu wengine wanaokaa gizani, na mji huu una giza jingi siku hizi. Wanaingia penye kidonda, wanavaa sauti ya aliyependwa, wanakula. Huyu anajua kile tu kinachouma ndani ya nyumba hii. Kingine hajui."

"Lakini alisema kweli," Yoleida alinong'ona. "Nerio alikubali mwenyewe."

"Wa aina hii hawapendi uongo. Uongo hubainika. Wanakupa nusu ya ukweli, halafu wanakuacha uimalizie mwenyewe." Alitema kipande cha tumbaku. "Mwanadamu akiachiwa amalizie, humalizia vibaya."

"Nusu nyingine ni ipi?"

"Mimi natoa wageni, sitoi siri. Kuna namna ya kuifisha hii mashine kabisa? Isibaki na hata tone?"

Yoleida aliijua. Alihakikisha waya umechomolewa ukutani, akaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia, akakishikilia. Auristela alipuliza moshi na kusali, akimtaja Bikira wa Chiquinquirá na majina mengine ambayo Yoleida hakuyajua, na lile sanduku likaanza kutetemeka chini ya mkono wake. Pumzi ikawa ya haraka. Kisha ikaanza kuita, kwa sauti ya Don Ciro, si kupitia mdomo wa mama yake tena bali kutoka mlemle ndani: Yole, binti yangu, hewa, toa mkono, binti yangu, nipe hewa. Yoleida akalia kwa sauti. Mkono wake wote ulikuwa na ganzi. Auristela alimshika kidole kwa kidole chake, wakabonyeza pamoja. Ile sauti ikawa nyembamba, ikawa mluzi, ikawa kitu kama kicheko kidogo cha mtu anayeondoka ameshiba, ikaisha.

Bi Edicta alivuta hewa, ya kwake mwenyewe, na kukohoa.

Umeme ulirudi saa sita mchana. Kompyuta iliwaka bila kulia, saa yake sahihi, tarehe ya leo, na barua za kazi zilizochelewa zikamiminika mfululizo. Auristela alikuwa ameshaondoka. Yoleida alikuwa akimlisha mama yake mchuzi kwa kijiko, na mama alikula kwa pupa, midomo ikirudiwa na damu.

"Nerio hajaja?" Bi Edicta aliuliza. "Nilikuwa kama niko chini ya maji. Namsikia anaongea na wewe uani, nataka kuita, sauti haitoki."

"Nerio ameondoka, mama."

"Ameenda wapi?"

"Najua habari ya jenereta," Yoleida alisema. "Amekiri kwamba aliichukua."

Bi Edicta alikisukuma kijiko pembeni. Akafumba macho.

"Na akakwambia aliipeleka wapi?"

"Hakusema."

"Hapana, hawezi kusema. Aliapa." Mikono ya kikongwe ilitafuta kitu cha kushika, ikashika ukingo wa meza. "Zahanati haikuwa na umeme, Yole. Walituma mtu. Walisema mtoto amekaa vibaya, lazima wakupasue, na hawawezi kukupasua gizani. Baba yako alisikia. Alikuwa akiongea kwa shida, lakini akamwambia Nerio: chukua jenereta, mpelekee. Nerio akakataa. Walibishana, Yole, mtu asiye na pumzi anabishana! Baba yako akauvuta mpira puani mwenyewe, akautupa chini. Mimi ndiye niliyemwambia Nerio, nenda. Mimi. Akaibeba begani, maana petroli ya gari hatukuwa nayo."

Yoleida aliliweka bakuli la mchuzi sakafuni.

"Alitaka kurudi nayo ulipokwisha jifungua. Wakamwambia mtoto hapumui sawasawa, yuko kwenye mashine, umeme ukikatika tu anakufa. Akabaki akiilinda mpaka kulipokucha. Huku nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na baba yako, mpaka akakata roho." Alilitazama sanduku la kompyuta. "Baba yako alisema usijue kamwe. Alisema, asije akamtazama mtoto akakiona kifo changu. Kwa hiyo tukasema imeharibika. Zahanati waliibakiza, wakamlipa Nerio baadaye; alifungua kibanda kwa pesa hizo. Ulimwambia nini kijana wangu yule, Yole? Ulimwambia nini mwanangu?"

Yoleida aliitazama simu yake, yenye namba ya Nerio isiyoita tena. 

Mlango wa nje ulipigwa teke. Mariluz aliingia kutoka shule na sare yake iliyochafuka, amekimbia njia nzima, akamrukia mama yake kutoka nyuma na kumning'inia shingoni. Alikuwa anahema. Pumzi yake ya moto ilimwingia Yoleida sikioni, hai, nyingi, yenye harufu ya pipi, na Yoleida akataka kumsukuma mbali kwa nguvu zake zote, na akataka kumshika asimwachie tena maisha yake yote, na hakuweza kujua ni lipi kati ya hayo lililokuwa lake mwenyewe, na lipi lililoachwa na kile kilichoondoka.